Krenki Imekufa na Hela ni Ndogo: Ukarabati, Mpya ya Bei Rahisi au Mtumba?

Fundi akishika pedali, akaitikisa mara mbili, halafu akakuambia "hapa bosi ni krenki nzima," usikimbilie mfuko. Krenki ni ile mikono miwili ya pedali pamoja na sproketi, yaani magurudumu ya meno ya mbele. Huenda fundi anasema kweli. Lakini pale katikati ya baiskeli ya milima pana vitu vinne vinavyoweza kutoa mlio uleule wa ko-ko-ko kila unapokanyaga: pedali yenyewe, mkono wa krenki, beringi za ekseli (chuma kinachounganisha mikono miwili), na bolti zinazoshika sproketi. Gharama ya kimoja haifanani kabisa na ya kingine, na mwenye hela ya mawazo hana nafasi ya kununua kitu ambacho hakijaharibika.

Kwa hiyo pima kabla hujaenda Kariakoo. Weka mikono ya krenki mmoja mbele na mwingine nyuma, ishike yote miwili, kisha isukume kuelekea fremu na kuivuta kutoka kwenye fremu. Ikicheza yote kwa pamoja, ugonjwa uko kwenye beringi. Ukicheza mmoja huku mwenzake umetulia, huo mmoja umelegea kwenye ekseli, na mara nyingi huwa ni wa kushoto. Yote ikiwa imekaza, shika pedali peke yake uitikise. Pedali mbovu imewauzia watu krenki nyingi tu, na pedali ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo tutakavyovitaja hapa.

Kisha tazama meno ya sproketi za mbele. Meno mazima yana ncha butu na pande zake zinalingana. Yaliyoisha hulalia upande mmoja na kuchongoka kama mapezi ya papa. Na usihukumu sproketi kabla hujapima cheni, maana mara nyingi cheni ndiyo imeyala hayo meno. Chukua futi ya chuma ya seremala, weka inchi sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 kwenda mbele: ya 24 inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni inakaribia mwisho wake. Ikizidi kwa 1/8, cheni imekwisha, na pengine imeondoka na sproketi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa baiskeli nyingi za gia zinazozunguka Dar, jibu la mwenye hela ndogo ni kubaki na ekseli ya mraba, kununua krenki ya kawaida inayoikubali, na hela inayobaki kuitia kwenye beringi na cheni. Yapo mazingira ambayo jibu hilo halifai, nitayaeleza. Ila wengi wanaopoteza hela huipoteza kwa kununua krenki nzuri isiyoendana na kilichomo ndani ya fremu yao.

Ekseli ndiyo inayokuchagulia

Krenki huichagui peke yake. Unachagua krenki pamoja na ekseli inayopita ndani ya lile bomba fupi la fremu lililolala pale chini, na ekseli hizo haziingiliani. Fungua kifuniko cha plastiki kilicho katikati ya mkono uone kilichomo.

Ukiona pini ya chuma imepita mshazari kwenye mkono, imefungwa kwa nati ndogo, hiyo ni kotapini. Ni ya Phoenix, Avon, Hero na ndugu zao, zile baiskeli za kubeba magunia ya mkaa. Baiskeli ya milima haiji na kitu hicho, kwa hiyo tuipite. Ukiona chuma kimoja kimepindwa na kupita fremu kutoka upande hadi upande, hakina mkono wa kuvuliwa, hiyo ni krenki ya kipande kimoja. Iko kwenye baiskeli za watoto na baadhi ya baiskeli za bei ya chini kabisa zinazovaa sura ya baiskeli ya milima. Bomba lake la fremu ni pana kuliko la kawaida na pedali zake zina nyuzi za nusu inchi badala ya 9/16. Hapo ushauri ni mfupi: tafuta kipande kingine kama hicho kwenye baiskeli iliyokufa, usijaribu kuipandisha daraja.

Nyingi zilizobaki ni za mraba. Ncha ya ekseli ina pande nne, imechongwa ikipungua kidogo kuelekea nje, na mkono una tundu la pande nne linalojikaza kadiri bolti inavyovutwa. Ni muundo wa zamani, ulikuwepo kwenye baiskeli za Ufaransa tangu miaka ya 1930, na mpaka leo viwanda vinaendelea kuutoa kwa sababu ni rahisi kutengeneza na rahisi kufunga. Kwa Dar una faida nyingine kubwa: karibu kila fundi mwenye pula (kifaa cha kuvutia mkono utoke kwenye ekseli) anaweza kuuvua.

Halafu kuna zile zinazokuja na mitumba ya Japani na Ulaya. Moja ina ekseli nene ya mviringo yenye mifereji minane. Shimano waliiita Octalink, ilitoka katikati ya miaka ya 1990. Nyingine ni ya bomba: ekseli ni bomba la milimita 24 lililoshikamana na mkono wa kulia, na beringi zimekaa nje ya fremu. Hiyo ni Hollowtech II, iliyoanza mwaka 2003 kwenye baiskeli za milima za juu, kisha ikateremka mpaka zile za kati.

Kukarabati: lini inalipa, lini ni kutupa hela

Mkono uliolegea bila kuliwa hauhitaji kununua chochote. Vua, futa ekseli na tundu mpaka vikauke na kung'aa, rudisha, kaza bolti ipasavyo. Watengenezaji wengi wanataka nguvu ya kati ya newtonimita 35 na 50. Kwa lugha ya banda, hiyo ni mtu mzima anavuta spana ndefu kwa uzito wake. Vijispana vifupi vya kubeba mfukoni havifiki huko, ndiyo maana mkono uliokazwa barabarani unalegea tena kabla hujafika Ubungo.

Shida inaanza pale mtu anapoendelea kukanyaga mkono uliolegea. Mikono mingi ni ya aluminiamu na ekseli ni ya chuma. Chuma kinakula aluminiamu, tundu la mraba linageuka kuwa la duara, na tangu hapo hata ukikaza mpaka bolti ikatike hautashika. Mafundi wana dawa yao: bati la kopo la soda, limekatwa vipande vyembamba na kuzungushiwa ekseli kabla ya mkono kuingia. Inafanya kazi. Itakufikisha mwisho wa mwezi, mradi unajua kwamba ni ya mwisho wa mwezi tu. Ukishatia bati mara ya pili, acha.

Dawa nyingine ni kuchomelea. Kwa mkono wa chuma fundi wa welding anaweza kuushikiza kwenye ekseli usitikisike tena, na wapo wanaotembea hivyo miaka. Gharama yake inakuja baadaye. Beringi zikiisha hakuna wa kuzifikia bila kukata, na hapo unapoteza mkono, ekseli na pengine vikombe vinavyoshika beringi kwa pamoja. Mkono wa aluminiamu wala usiupeleke, kwa sababu aluminiamu na chuma havishikani kwa welding ya mtaani. Naiweka dawa hii chini ya zote, isipokuwa kwa baiskeli ambayo umeshaamua kwamba ukarabati huu ndio wa mwisho.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaisahau: kununua mkono wa kushoto peke yake. Kama meno ya kulia bado mazima, huna sababu ya kubadilisha upande wenye sproketi. Mkono wa kushoto wa mraba unapatikana mpya, na unapatikana pia kwenye mizoga ya baiskeli za Kijapani za kikapu, ambazo nyingi zina mraba wa vipimo vya Japani sawa na wa baiskeli nyingi za milima za bei ya kawaida. Angalia urefu tu. Umechapwa au kugongwa nyuma ya mkono, karibu na tundu la pedali: 170 ndio wa kawaida, 175 upo kwenye baiskeli kubwa, na zile za kikapu mara nyingi ni fupi zaidi. Tofauti ya milimita 5 wengi hawataihisi. Tofauti ya 15 utaisikia kwenye goti kabla ya kufika Mwenge.

Nikilinganisha tatu hizi: mkono wa kushoto peke yake unazishinda nyingine kwa mbali kila sproketi zinapokuwa nzima. Bati la soda ni la dharura. Kuchomelea ni kwa baiskeli iliyokata tamaa.

Mpya ya ribiti na mpya ya bolti

Sasa tuseme meno yameisha na lazima ununue. Dukani utaonyeshwa krenki mbili zinazofanana kwa mbali. Igeuze, itazame kwa nyuma. Kama sproketi tatu zimebanwa pamoja kwa ribiti, huwezi kubadilisha moja. Ikiisha ya katikati, zote zimeisha. Kama zimeshikwa kwa bolti, kila moja inatoka peke yake.

Watu wa mitandaoni watakuambia bolti ndiyo akili, kwa kuwa utabadilisha sproketi moja badala ya krenki nzima. Kwa nadharia wako sahihi. Kwa Dar hesabu inageuka, kwa sababu ili uokoe hela inabidi sproketi hiyo moja ipatikane, na sproketi tupu ya kuuzwa peke yake, ya idadi ya meno unayoitaka na nafasi ya bolti inayolingana, ni bidhaa ya kuagiza zaidi kuliko ya kuokota dukani. Ukiagiza moja na kulipia usafiri wake, unaweza kufikia bei ya krenki mpya ya ribiti. Kwa anayepanda kwenda kazini na sokoni, ribiti ya chuma ni chaguo la heshima kabisa. Meno ya chuma huchukua muda mrefu kuisha kuliko ya aluminiamu, na ukibadilisha cheni kabla haijarefuka sana, hiyo krenki utaizeesha.

Bolti inaanza kulipa kwa mtu mwenye mpango wa kubaki na sproketi moja mbele, au anayepanda vilima kila wiki na kula sproketi ndogo peke yake. Ukienda upande huo, pima kabla ya kuagiza. Kwenye krenki ya bolti nne, umbali kati ya katikati ya bolti moja na ya jirani yake ukiwa milimita 73.5, duara la bolti zake ni la milimita 104. Ndilo lililoenea zaidi kwenye krenki za milima za mikono minne, na sproketi ndogo ya ndani ina duara lake la 64. Kwenye bolti tano, jirani kwa jirani ikiwa karibu milimita 65, hiyo ni 110, krenki ya kizamani. Muuzaji anayesema "inaingia tu hiyo kaka, haina shida" bila kupima hajakudanganya kwa makusudi, yeye hataifunga.

Kuhusu mkono wenyewe, wa chuma ni mzito na unashika kutu. Wa aluminiamu ni mwepesi na unaliwa kwenye tundu ukilegea. Kwa wakazi wa Kigamboni, Kunduchi na Msasani, ambako upepo wa chumvi unakula hata nati za milango, ningechukua mkono wa aluminiamu wenye sproketi za chuma na kupaka grisi kila penye nyuzi. Anayebeba mzigo mzito kila siku achukue chuma tupu.

Tatu mbele, au moja inatosha?

Hapa ndipo mtu wa Dar anaweza kuokoa hela ambayo mtu wa Arusha au Lushoto hawezi. Krenki za bei ya chini huja kwa seti mbili za meno zinazozoeleka: 42-34-24 na 48-38-28. Nyuma, baiskeli nyingi zina friwili (fungu la sproketi za nyuma) ya gia saba, ndogo ina meno 14 na kubwa 28. Tairi la inchi 26 la unene wa kawaida linakwenda karibu mita 2.05 kwa mzunguko mmoja. Tufanye hesabu.

Ukiwa na 42 mbele na 14 nyuma, kila mzunguko wa krenki unakusogeza mita 6.15. Kwa mizunguko 80 kwa dakika, hiyo ni karibu kilomita 30 kwa saa. Nani anakwenda kilomita 30 kwa saa na baiskeli ya milima pale Buguruni saa moja asubuhi? Ukiwa na 34 mbele na 14 nyuma unapata karibu mita 5 kwa mzunguko, kilomita 24 kwa saa kwa kasi ileile ya miguu, na hiyo ndiyo mwendo wa kweli wa mjini. Teremka mpaka 34 kwa 28: mita 2.5. Kuanzia Posta mpaka Mwenge sproketi ya 34 peke yake inakutosha na hutagusa nyingine.

Hiyo ndogo ya 24 inahitajika wapi? Goba. Pugu. Miinuko ya Kimara na Mbezi kwa ndani, ukiacha lami. Njia za mchanga kuelekea Kimbiji ukiwa na mzigo. Huko 24 kwa 28 inakupa mita 1.76 kwa mzunguko, na tofauti kati ya 2.5 na 1.76 ndiyo tofauti ya kupanda na kusukuma.

Njia ya kati ipo. Friwili ya gia saba yenye meno 14 mpaka 34 ina gia moja kubwa sana nyuma. Ukiiweka pamoja na sproketi moja ya 34 mbele, gia ya chini kabisa inakuwa mita 2.05 kwa mzunguko, na ya juu inabaki mita 5. Umepoteza kilomita 30 kwa saa ambazo hukuwa nazo, na umepoteza kidogo kwenye mlima mkali. Angalia kama kihamisha cheni cha nyuma kinafika meno 34 kabla hujalipa. Vile vidogo vya zamani havifiki.

Na kama una krenki ya ribiti ambayo meno ya katikati ni mazima huku kubwa na ndogo zimekufa, usinunue kitu. Mwambie fundi akifunge kihamisha cheni cha mbele kwa skrubu zake mbili za kikomo kibaki juu ya sproketi ya katikati, kiwe kizuizi cha cheni isiruke. Waya wa gia ya mbele unautoa. Hiyo ni bure, na kwa mtu wa Ilala, Sinza au Tandika ndiyo bora kuliko yote niliyoandika kabla ya aya hii.

Mtumba: mzuri, ila funguo zake ni adimu

Krenki za mtumba zinakuja na fremu za mtumba, na nyingine zinauzwa zikiwa zimevuliwa. Kwa uzito, ugumu na usafi wa kazi, krenki ya daraja la kati iliyotumika Japani inaiacha mbali krenki mpya ya bei ya chini. Sproketi zake zina njia zilizochongwa za kupandisha cheni, kwa hiyo gia zinabadilika bila kupiga kelele. Bado nakuomba usiipende haraka.

Octalink kwanza. Krenki yake inahitaji ekseli yake, ekseli hiyo ina matoleo mawili yasiyoingiliana, na beringi zake zimefungwa ndani pamoja na ekseli kama kitu kimoja. Ikiisha unatafuta ileile, siyo nyingine. Hata pula ya kawaida haifai bila kichwa chenye uso mpana, kwani tundu la ekseli yake ni kubwa na ncha nyembamba inazama ndani. Kama fremu uliyonunua tayari ina Octalink nzima na inazunguka laini, itumie kwa raha. Kuinunua krenki ya Octalink peke yake kwa ajili ya fremu yenye mraba ni kununua tatizo.

Hollowtech II ni habari nyingine. Kuivua unahitaji alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5 na kifaa kidogo cha kufungulia kile kifuniko cha plastiki cha mkono wa kushoto; pula haihitajiki kabisa. Vikombe vya beringi vinaingia kwenye nyuzi zilezile za Kiingereza zilizo kwenye fremu nyingi za kawaida, kwa hiyo fremu yako ya mraba inaweza kuhamia huko. Beringi mpya ni vitu viwili vya kununua na kufunga, ekseli inabaki. Kasoro ziko tatu. Moja, vikombe vinataka spana yake yenye mifereji 16, na fundi asiye nayo atatumia patasi na nyundo, na utaiona alama yake milele. Pili, beringi ziko nje ya fremu, karibu na maji na mchanga. Ukivuka Jangwani penye maji au ukiosha baiskeli kwa mpira wa presha kwenye kuosha magari, maisha yake yanafupika. Tatu, fremu lazima ipimwe upana wa lile bomba bila vikombe: 68 au 73. Kwa krenki ya milima, bomba la 68 linataka ringi mbili za nafasi kulia na moja kushoto. La 73 linataka moja kulia tu. Wauzaji wa mtumba huzitupa hizo ringi bila kujua ni nini, basi ziulizie mapema.

Ukikagua mkono wowote wa mtumba, anza kwenye tundu la pedali. Jaribu kuingiza pedali kwa vidole vitupu. Ikiingia mizunguko mitatu minne bila spana, nyuzi ni nzima. Kumbuka pedali ya kushoto inakazwa kinyume, ukisahau hilo utaharibu mwenyewe mkono uliokuwa mzima. Kisha futa grisi pembezoni mwa tundu utafute ufa mwembamba. Mkono wa aluminiamu wenye ufa usiuchukue kwa bei yoyote.

Bei? Kipimo changu ni hiki: krenki ya mtumba ya mraba isizidi nusu ya mpya ya ribiti. Ya Hollowtech II naweza kulipa sawa na mpya ya ribiti, endapo tu imekuja na vikombe vyake na vinazunguka bila kukwaruza.

Ndani ya fremu: goroli au beringi iliyofungwa

Watu wanatumia hela yote kwenye krenki inayoonekana na kuifunga juu ya ekseli inayolia. Kwa fremu ya mraba, ndani kuna moja kati ya aina mbili. Ya kwanza ni ekseli yenye goroli na vikombe vya kukaza. Goroli ni za robo inchi, 11 kila upande zikiwa zimepangwa bila kishikizo. Zinafunguka, zinasafishwa, zinatiwa grisi na kukazwa upya. Goroli mpya na kijiko cha grisi ni bei ya chai na chapati, na kama vikombe havijaliwa, krenki iliyokuwa inacheza inatulia. Fundi wa kijiweni anaijua kazi hii vizuri kuliko ile ya pili.

Ya pili ni beringi iliyofungwa, ekseli na beringi zikiwa ndani ya bomba moja lisilofunguliwa. Ikiisha unatupa yote. Lakini inakaa. Masika ya Machi hadi Mei ikishamaliza, ya goroli inadai grisi upya. Iliyofungwa haidai chochote. Kwa anayejihudumia mwenyewe au mwenye fundi jirani anayemwamini, goroli ni nafuu mwaka hadi mwaka. Kwa asiyetaka kurudi kwa fundi, iliyofungwa ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye baiskeli hii, hata kuliko krenki. Kuing'oa kunahitaji kifaa chenye meno 20, na kikombe cha kulia kinafunguka kwa kuzungushwa kwa mwelekeo wa saa. Fremu nyingi zimeharibiwa na watu waliokivuta upande usio wake kwa bomba la kurefushia spana.

Jambo moja la mwisho kuhusu ekseli ni urefu. Za mraba zinauzwa kwa urefu mwingi: 110, 113, 118, 122.5 na nyinginezo. Kila krenki imechorwa kwa urefu wake. Fupi mno, sproketi kubwa inasugua fremu. Ndefu mno, cheni inakwenda mshazari na kulia kwenye gia ndogo. Krenki nyingi za sproketi tatu za bei ya chini zinataka ile ya 122.5 au karibu yake, ila usiniamini mimi wala muuzaji: pima ya zamani kutoka ncha hadi ncha, beba nayo dukani, na uijaribu krenki mpya juu yake kabla ya kutoa hela.

Nani achukue ipi

Anayekwenda kazini na kurudi, njia ya lami, hana vilima: krenki mpya ya mraba ya ribiti, 42-34-24, na cheni mpya siku hiyohiyo. Cheni iwe ya 3/32, ya gia. Ile ya 1/8 ya Phoenix ni pana, itazunguka mbele lakini nyuma itakusumbua. Asiyeweza kununua vyote viwili kwa pamoja akusanye kwanza, kwa sababu cheni kuukuu juu ya meno mapya inayaanza kuyala siku ya kwanza.

Anayepanda Pugu na Kisarawe kila Jumapili na kundi lake, na tayari ana alenki na marafiki wenye vifaa: Hollowtech II ya mtumba, kamili na vikombe, ndiyo inayomfaa. Hapo ndipo tofauti ya ugumu inaonekana, unaposimama juu ya pedali.

Anayesambaza mikate au kubeba ndoo: mkono wa chuma, goroli, sproketi ya katikati. Asiruhusu mtu amuuzie aluminiamu kwa sababu inang'aa.

Mwanafunzi mwenye hela ya mkono mmoja tu: anunue huo mkono mmoja.

Siku ya kufunga, ekseli ya mraba iwe safi na kavu au na utando mwembamba wa grisi, mafundi wanabishana na zote mbili zinashika. Nyuzi za bolti ndizo zisikose grisi. Zunguka mtaa, rudi, angalia kama bolti imebaki palepale, kisha iache. Ukizoea kuikaza kila wiki unausukuma mkono ndani zaidi mpaka tundu linapanuka. Kihamisha cheni cha mbele kikae milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya sproketi kubwa. Uliyehama kutoka 48 kwenda 42, itabidi kishushwe kwenye bomba la fremu, na cheni pengine ipunguzwe pingili mbili.